Pale Kinapoanzia Kifafa cha Sharifa

Ilikuwa mwaka elfu mbili na mbili. Hapana, ngoja kidogo, nisiwadanganye: ilikuwa elfu mbili na tatu, tena mwishoni mwishoni, maana gari la madaktari lilitoka Dar es Salaam likapita juu ya daraja la Rufiji bila kungoja kivuko, na daraja lile lilikuwa bado jipya, watu wanalisimulia kama wanavyosimulia harusi. Mwaka wa nyuma yake wangekwama kwenye tope na mashine yao ingefika vipande vipande. Basi ni elfu mbili na tatu.

Wakati huo Sudi Mtipa alikuwa analima korosho na mihogo katika kijiji kimoja upande wa Kilambo, kule ambako mto Ruvuma umekwisha kuchoka na safari yake na unajitawanyia tu kwenye mikoko. Alikuwa mtu mtaratibu, wa kusalimia hata watoto kwa kusimama. Lakini ukimuulizia kijijini usingeambiwa habari ya upole wake. Ungeambiwa, "Aa, Sudi yule mwenye binti wa kifafa? Shuka na njia hii."

Binti ndiye Sharifa. Alianza kuanguka akiwa mdogo, baada ya homa iliyomletea degedege, na homa ikaenda zake lakini kuanguka kukabaki. Alianguka kisimani, alianguka kwenye mpunga, siku moja alianguka mguu mmoja ukiwa ndani ya moto wa kupikia, na tangu hapo alitembea akiukanyagia pembeni. Wenzake aliochezwa nao unyago walikuwa wamekwisha olewa. Yeye alikuwa nyumbani, anamenya mihogo, na mdomo wake ulikuwa mkali.

Sasa, kwa watu wa kule, mtu akianguka kifafa hufunikwa. Wengi hukimbia, kwa sababu husemwa kwamba povu lile likikugusa, nawe umeupata. Anayebaki ni wa damu yake, na anayebaki ana kazi moja tu: atoe kanga, amfunike mgonjwa gubigubi kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha ageuze uso wake pembeni na kumshikilia hivyo hivyo mpaka kutetemeka kuishe. Hachungulii. Kuchungulia ni sawa na kumvua mtu nguo barabarani. Zawadi, mama yake Sharifa, alikuwa na kanga moja nzito, ya zambarau iliyofifia, isiyovaliwa wala kutandikwa. Alikwenda nayo shambani, alikwenda nayo msibani. Watu wakimwona amebeba kanga mbili mabegani walijua ya pili ni ya nini.

Mganga wa zahanati, Josephu, ndiye aliyewaletea habari. Wanakuja madaktari mjini, alisema, wana mashine ya kusoma umeme wa ubongo. Watakaofaa watapelekwa nje wakafanyiwe upasuaji, na kifafa kitaondoka moja kwa moja.

"Upasuaji wa wapi?" Zawadi akauliza.

"Wa kichwa, mama. Wanatoa kipande kile kinacholeta ugonjwa. Kidogo tu."

"Kichwa kinakatwa kidogo? Baba Sharifa, unamsikia huyu? Kichwa cha mtu anakifanya muwa."

Sudi alikuwa anamtazama binti yake, ambaye aliendelea kumenya muhogo kana kwamba wanaongelea kichwa cha samaki.

"Mimi nikatwe tu," Sharifa akasema. "Kichwa chenyewe hiki kimenisaidia nini?"

Wakaenda mjini, wakafikia mtaa wa Chuno kwa binamu yake Zawadi. Hospitali ilikuwa imetoa chumba kimoja cha pembeni chenye vitanda viwili, na ukutani kamera ndogo ya kumtazama mgonjwa. Daktari mwenyewe, aliyekuwa amesomea mambo ya ubongo nchi za nje, alikuwa mwanamke wa Bukoba, Daktari Happiness, mrefu, ana sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Sudi alikuwa amejiandaa kuongea na Mzungu kwa ishara. Alipoamkiwa "shikamoo baba" moyo wake ukatulia.

"Baba, nieleze," daktari akasema. "Sharifa akianguka, kinaanza kiungo gani? Mkono wa kulia, wa kushoto? Mdomo unavutwa upande gani?"

Sudi akamtazama Zawadi. Zawadi akatazama miguu yake.

"Hatujui, daktari."

"Miaka yote hii anaanguka mbele yenu."

"Tunamfunika."

"Mnamfunika ili iweje?"

"Ili asionekane," Zawadi akasema, na akalisema kwa ukali kidogo, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anampa mtoto chakula.

Daktari Happiness hakucheka wala hakukasirika. Alichora kitu pembeni ya karatasi yake, kisha akamwita fundi wa mashine, kijana wa Kipare jina lake Emmanueli, aje amfunge Sharifa nyaya.

Zilikuwa nyaya nyingi, nyembamba, za rangi rangi, na kila moja ilibandikwa kichwani kwa gundi baada ya Emmanueli kupapima kwa utepe kama fundi cherehani. Sharifa akakaa kwenye kigoda, shingo imenyooka.

"Leo nakusuka bure, dada," Emmanueli akasema.

"Msusi gani anasuka kwa gundi?"

"Msusi wa serikali."

"Ndiyo maana hujaoa."

Kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani Zawadi akaangua kicheko, na hata daktari akafunika mdomo.

Siku iliyofuata Daktari Happiness alimwita Sudi chumba cha jirani, kwenye kompyuta. Alifanya hivyo kwa kila mzazi, alisema, kwa sababu hapendi mtu aamuliwe jambo asilolielewa. Kiooni palikuwa na mistari mingi, mmoja chini ya mwingine, inatembea polepole kutoka kulia kwenda kushoto kama siafu. Mistari hii ya juu, akaeleza, ni ya upande wa kushoto wa kichwa cha Sharifa. Hii ya chini ni ya kulia. Ubongo wa mtu hautulii, hata akilala unapiga mawimbi. Mawimbi haya madogo madogo ya mviringo ni ya kawaida, mimi na wewe tunayo. Kisha akasimamisha kioo na kuweka kidole mahali ambapo mstari uliruka ghafla, ukawa na ncha kama mwiba, ukashuka.

"Huu si wa kawaida. Umeuona? Upande wa kushoto, karibu na sikio. Huu hapa mwingine. Na huu."

"Ndiyo kifafa chenyewe hicho?"

"Bado. Hapa ametulia, anaongea na mama yake. Hizi ni nyayo zake tu."

Sudi akafikiri. Kwao mihogo huliwa na nguruwe pori, na amelala sana shambani akipiga debe kuwafukuza.

"Kama nguruwe, basi," akasema. "Asubuhi unakuta nyayo shamba zima. Lakini uzio una tundu moja."

"Ndivyo hivyo. Na mimi natafuta tundu, siwezi kumkata mtu kwa kufuata nyayo. Nyingi ziko kushoto, lakini angalia, hii moja iko kulia. Na hii. Inawezekana ni za kupita tu. Inawezekana kuna tundu la pili huko." Akamgeukia kabisa. "Baba, nakwambia ukweli. Likiwa tundu moja, na liko mahali ambapo kisu kinafika bila kumnyang'anya maneno yake, Sharifa anakwenda na ninaamini atapona. Yakiwa mawili, simgusi. Na nisipoliona kabisa, simgusi pia. Kwa hiyo nataka kifafa kije, kije hapa, mashine ikiwa inasoma na kamera ikimtazama mikono na uso. Mara moja tu inatosha kutuonyesha njia. Mkimfunika, sitaona kitu."

Wakampunguzia vidonge vyake vya kifafa alivyokuwa akinywa kila siku, ili kije. Zawadi akaapishwa na daktari, akaapishwa tena na mumewe, na kanga ya zambarau ikaachwa Chuno. Karatasi ikabandikwa mlangoni: mgonjwa asifunikwe, asiguswe nyaya, piteni pembeni. Muuguzi akaambiwa, mfagiaji akaambiwa. Kwa kuwa chumba kilikuwa cha wanawake, Sudi alikaa kwenye benchi nje.

Kukaa kule kulikuwa kugumu. Miaka yote alimwomba Mungu amwondolee mwanawe ugonjwa. Sasa baada ya kila sala alimwomba amwangushe, na aliona haya katikati ya dua yenyewe. Kifafa, kilichokuwa hakihitaji mwaliko, kilipoitwa kikagoma. Jioni alikuwa anatembea mpaka Shangani, ambako watumishi wa serikali walikuwa wanapunga upepo na watoto wao wenye soksi, anawatazama wasichana wa rika la Sharifa wanaokimbizana ufukweni. Wanaanguka mchangani, wanaamka wanacheka. Alikuwa hajapata kufikiri kwamba mtu anaweza kuanguka na ikawa mchezo.

Asubuhi moja akaja mgonjwa mwingine wa kitanda cha pili, msichana wa Kimakua kutoka Masasi, amebebwa mgongoni na dada yake, Rozalia. Mwanamke wa miraba minne, mchangamfu, ameingia anahema na kumshukuru Mungu kwa sauti. Karatasi ilikuwa mlangoni, ndiyo. Lakini nani anasoma mlango akiwa na mgonjwa mgongoni?

Alimlaza mdogo wake, akasalimiana na Zawadi, wakaulizana ya nyumbani. Kisha Zawadi akasema, "Dada, niangalizie kidogo, nakwenda bombani kufua kitenge hiki," na akatoka. Hakusema jambo jingine. Atamwambia nini mtu waliyekutana sasa hivi? Na hata angekuwa na la kumwambia, alijua anarudi punde.

Sudi alikuwa benchini aliposikia Emmanueli akiita kutoka chumba cha mashine, "Daktari! Daktari, kimeanza!" Akasimama. Miguu ilitaka kuingia na akili inasema ni chumba cha wanawake. Daktari Happiness akampita mbio, koti linapepea, na hapo naye akafuata.

Aliyekuwa kitandani haonekani. Kulikuwa na kanga ya kijani yenye maua makubwa, inatetemeka, na juu yake Rozalia amepiga magoti, amekumbatia vyote kwa mikono yake minene, kanga na mtoto na nyaya, uso ameugeuzia ukutani, macho ameyafumba, anasali Salamu Maria. Nyaya tatu au nne zilikuwa zinaning'inia kando ya kitanda na gundi yake nyeupe.

Na Sudi, ambaye alikuwa ameelezwa kila kitu kwa utaratibu, alichosema ni, "Ahsante, mama. Mungu akuzidishie." Kilimtoka kutoka moyoni kabisa. Alikuwa amemwona mtu asiye wa damu yao akimsitiri mwanawe bila kuogopa povu, jambo ambalo kijijini kwake hakupata kuliona. Ndipo alipoinua macho na kumwona Emmanueli amesimama mlangoni, mikono kichwani.

Mchana daktari alimwonyesha. Hakumficha.

"Hapa ametulia. Hapa pia. Sasa angalia." Mistari yote, ya juu na ya chini, ikawa myeusi mitupu, kama mtoto aliyepewa kalamu akakwaruza ukurasa mzima. "Hii si akili ya Sharifa, baba. Hii ni kanga ikisugua nyaya. Hizi ni taya zake zikisagana. Hii nadhani ni mkono wa yule mama. Chini yake ubongo ulikuwa unasema, lakini siwezi kuusikia. Kwenye kamera naona maua."

"Na kabla ya kanga? Pale mwanzo kabisa?"

"Alikuwa amemgeukia yule mama, wanaongea. Mikono ilikuwa chini ya shuka. Kisha huyu hapa karuka na kanga yake. Alikuwa mwepesi."

"Sisi ni wepesi, daktari," Sudi akasema. "Tumefundishwa tangu wadogo."

Alimwomba jambo moja tu, Rozalia asiambiwe. Daktari akakubali. Kwa hiyo siku zilizobaki Rozalia aliwaletea uji, akawatania, akamwita Sharifa "mwanangu niliyemdaka", na Zawadi akaupokea uji ule na kuunywa akitazama chini. Usiku na mchana mashine iliendelea kusoma. Nyayo tu. Nyingi kushoto, chache kulia.

Madaktari walipokaa kuamua, walikaa muda mrefu juu ya Sharifa. Emmanueli ndiye aliyemnong'oneza Sudi hivyo, akidhani anampa faraja. Mmoja alisema ni kushoto, twende naye. Mwingine akasema, je, na hizi za kulia? Mwisho Daktari Happiness akatoka, akakaa benchini pembeni yake, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Baba, mahali kinapoanzia hapakujulikana. Siwezi kumfungua kichwa kwa kubahatisha." Akaahidi kwamba watarudi mwakani na watamweka wa kwanza. Alikuwa analengwalengwa na machozi, na Sudi ndiye aliyembembeleza.

Mashine ikafungwa kwenye masanduku. Wao wakaenda Magomeni, mtaa wa pale pale mjini, kungoja lori la kwenda Kilambo, na pale pale, mbele ya genge la nyanya, Sharifa akaanguka.

Zawadi alikuwa na kanga ya zambarau mkononi kabla mtoto hajagusa chini. "Usimfunike!" Sudi akapiga kelele, na akaivuta, akaitupa nyuma yake, akapiga magoti amtazame. Watu wakajaa. Gauni la Sharifa lilikuwa limepanda, povu linatoka, na baba yake ameinama anachunguza mikono yake kama mtu anayechagua samaki.

"Baba gani huyu?" mwanamke mmoja akasema.

"Mfunike mtoto wa watu, wewe mzee! Umerogwa?"

"Anamwangalia nini? Aibu hana?"

Alikuwa amechelewa. Mikono yote miwili ilikuwa inatetemeka. Mwenye genge akavua kilemba chake akamtupia Sharifa magotini, na akamtazama Sudi kwa namna ambayo Sudi aliikumbuka kila alipopita Magomeni.

Nyumbani hakuacha. Alimkataza Zawadi kanga, akahamishia shughuli zake uani ili awe karibu. Akisikia ile sauti ya mwanzo, kama mtu anayetaka kuita akakatishwa, anaacha jembe na kukimbia. Majirani waliacha kupita njia ile. Siku moja aliona kidole gumba cha mkono wa kulia kikijikunja peke yake, kisha mkono, kisha mdomo ukavutwa upande huo huo, na moyo wake ukaruka: kulia, basi ubongo ni kushoto, maana daktari alimweleza kwamba upande mmoja wa ubongo huamuru upande wa pili wa mwili. Alitembea mpaka zahanati kumwambia Josephu. Kabla ya palizi kwisha akaona jambo jingine, mkono wa kushoto ndio ulioanza. Au labda wa kulia ulikuwa umelaliwa. Hakuwa na uhakika. Mara nyingine alipofika vyote vilikuwa vinakwenda pamoja.

Ni Sharifa aliyemaliza jambo lile. Alikuwa ameamka kutoka katika kuanguka, amekaa ukutani, macho mekundu, ulimi umeng'atwa, na baba yake bado amechuchumaa mbele yake.

"Baba, umeona nini leo?"

"Nadhani kulia, mwanangu. Nadhani."

"Na jana?"

Akaanza kumfuta povu shavuni.

"Baba, nifunikeni. Nikizinduka nakuta macho yako, na nyuma yako macho ya watu. Zamani nilikuwa nikizinduka nakuta giza na harufu ya mama. Nifunikeni tu."

Zawadi alikuwa mlangoni. Aliingia ndani akatoka na kanga ya zambarau, akaiweka begani kwake, na tangu siku hiyo hakuna aliyeizungumzia.

Mwakani madaktari hawakuja. Mwaka uliofuata ikasemwa wanakuja, kisha ikasemwa mradi umekwisha. Daktari Happiness, wengine walisema yuko nje, wengine walisema kahamia mambo mengine. Sharifa anakunywa vidonge vile vile, na kadiri miaka inavyokwenda ule ukali wa mdomo wake unapungua. Anaongea polepole, anasahau alichotumwa, kumenya muhogo mmoja kunamchukua asubuhi nzima. Hajaolewa. Ndugu wa Zawadi walishauri apelekwe kwa bibi yake ng'ambo ya mto, kusiko na watu wengi, na Sudi akakataa, lakini hakukataa kwa nguvu aliyokuwa nayo zamani.

Kitu kimoja tu hakikumtoka. Alimuuliza Josephu pale zahanati, Josephu akasema hayo ni ya wakubwa, mzee wangu, mimi nagawa dawa. Akaenda mjini akamtafuta Emmanueli, akamkuta anapiga picha za eksirei kwenye hospitali nyingine. Emmanueli akamkumbatia, akamnunulia chai, akasema yeye alikuwa wa kubandika nyaya tu. Daktari kijana wa mkoa alimsikiliza akiwa amesimama, akatazama saa. Kila mmoja alimuuliza neno lile lile, kwa adabu, kofia mkononi, kwa sababu alitaka kujua kama aendelee kungoja gari lingine lipite daraja la Rufiji au aache kabisa:

"Daktari alisema mahali kinapoanzia hapakujulikana. Hapakujulikana kwa sababu ya ile kanga, au kwa sababu hapapo?"